Saa mbili za maji ya Ibra: ziuzwe au zibakie?

Kwa muda sasa baadhi ya wasomaji wetu, khasa walioko Uingereza na Canada, wamekuwa wakituuliza juu ya hisa za likizo walizozinunua zamani. Biashara yenyewe inajulikana. Mtu hulipa maelfu ya pauni, akapewa haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika jengo la kifahari huko Tenerife au Costa del Sol, na wiki zilizobakia katika chumba hichohicho wakauziwa watu wengine. Ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, ikaingia Marekani muongo uliofuata, na baadaye ikawanasa na watu wetu. Sasa wengi wao wamezeeka, hawasafiri tena, watoto hawataki kusikia habari hizo, na suali lao ni moja: tuuze au tuache?

Jibu la hisa za Uhispania ni fupi na tutalitoa mbele. Lakini suali hilohilo limetufikia kwa sura nyengine, kutoka kwa familia moja ambayo nusu yake iko Oman na nusu imetawanyika duniani, na hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Wao wanachozozania ni nyumba ya udongo, shamba la mitende na saa mbili za maji huko Ibra, mji mkuu wa mkoa ambao tangu mwaka 2011 unaitwa Sharqiyah Kaskazini.

Saa mbili za maji? Msomaji ambaye hajafika Oman ana haki ya kushangaa, kwa hivyo inafaa tueleze kwanza.

Maji ya miji ya ndani ya Oman, kuanzia Nizwa na Izki katika Dakhiliyah mpaka Ibra na vitongoji vya Sur, yalikuja kwa falaji. Falaji ni mfereji unaotoka kwenye chemchemu, kwenye bonde au kwenye maji yaliyo chini ya mlima, ukateremka taratibu kabisa, mara nyingi chini ya ardhi kwa masafa ya kilomita kadhaa, mpaka ukaufikia mji. Hauna pampu wala umeme. Waomani wanazigawa falaji zao mafungu matatu: daudi, zinazotoka kwenye kisima mama kilichochimbwa chini ya mlima, ghaili, zinazochukua maji ya bonde, na aini, zinazotoka kwenye chemchemu. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daud alipita Oman na majini wake wakazichimba falaji hizo kwa siku chache, na ndiyo asili ya jina la daudi. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano katika orodha ya urithi wa dunia. Tatu ziko Dakhiliyah, nazo ni Daris ya Nizwa, Khatmein ya Birkat al-Mauz na Malki ya Izki. Ya nne, Jaila, iko upande wa Sur, na ya tano ni Muyassar ya Rustaq.

Maji yakishafika mjini hufuata daraja. Kwanza hupita pahala pa kuteka ya kunywa, kisha msikitini na kwenye vyumba vya kuogea, ndipo yakaingia mashambani, mitende ikitangulia na mazao ya msimu yakifuata. Na huko mashambani hayagawiwi kwa ndoo wala kwa mita. Yanagawiwa kwa wakati. Kipimo chake ni athar, ambayo ni nusu saa. Athar moja nayo hugawika mara ishirini na nne, na kila kipande huitwa qiyas, neno ambalo sisi Waswahili tulilichukua kwa Waarabu tukalifanya kiasi. Mchana watu walikuwa wakitazama kivuli cha kijiti, usiku wakitazama nyota, na mtafiti wa Kiingereza Harriet Nash alitoa kitabu kizima juu ya nyota hizo mwaka 2011. Siku hizi wengi wanatazama saa ya mkononi.

Athar hurithiwa, huuzwa, hukodishwa na huwekwa wakfu. Jambo la kushangaza zaidi, ambalo J. C. Wilkinson alilieleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1977 juu ya maji na makaazi ya makabila, ni kwamba mtu anaweza kumiliki maji bila ya kuwa na shamba, na akamiliki shamba bila ya kuwa na maji. Kwa maneno mengine, zamani sana kabla ya Wazungu kufikiria kuuziana wiki, watu wa Ibra walikuwa wakiuziana nusu saa.

Na likizo vilevile. Mtu asidhani kwamba kwenda kupumzika ni uvumbuzi wa mashirika ya ndege. Kila mwaka wakati wa kaidhi, yaani msimu wa joto na mavuno ya tende, watu wa pwani walikuwa wakihama. Wa Sur walipanda kwenda Bilad Sur, kwenye mitende iliyo nje kidogo ya mji, na wengine walirudi kwenye vijiji vya asili yao, wakakaa chini ya vivuli huku naghal ikiwiva mwanzo, khalas ikifuata, na mabsali ikichemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba kisha ikaanikwa, kwa kuwa Wahindi walikuwa wakiinunua kwa wingi. Hivi leo wajukuu wa London hufika Julai kwa sababu ndio wakati wa skuli kufungwa. Jua la Sharqiyah wakati huo halina huruma, lakini tende nazo ndio zimekwisha kuwiva.

Sasa tuirudie familia yetu. Hatutoitaja kwa jina, na wala haina haja, kwa sababu zipo nyingi kama hiyo. Babu alipanda jahazi Sur mwanzoni mwa karne iliyopita, akafuata kaskazi mpaka Unguja, akafungua duka, akanunua na kijishamba cha karafuu. Kila akipata kitu alikipeleka Ibra kununua mitende na maji. Hivyo ndivyo walivyofanya wengi. Nyumba nyingi kubwa za Ibra na za Mudhairib, zile zenye milango ya nakshi ambazo watalii wanakwenda kuzipiga picha, zilijengwa kwa fedha za Afrika Mashariki, fedha za karafuu, za pembe za ndovu na, tusifiche, za binaadamu waliouzwa. Nyumba ya babu huyu si katika hizo kubwa. Ina vyumba vinne, baraza, na mkunazi uani.

Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Mwaka huohuo ardhi ya Zanzibar ikatangazwa kuwa mali ya umma. Duka likaenda, na shamba la karafuu likaenda. Mtoto wa babu, ambaye ndiye baba wa hawa wanaozozana leo, aliingia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Aliifungua nyumba ya Ibra iliyokuwa imefungwa miaka, akaishi humo mpaka alipofariki mwaka 1998. Aliacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Aliacha pia athar nne za maji, ambazo ndizo hizo saa mbili.

Hapa hesabu inapendeza kuifuata. Mke anapata thumuni. Seba thumuni zilizobakia wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja, na jumla ya mafungu ni saba. Kwa hivyo katika dakika mia na ishirini, mama alipata dakika kumi na tano, kila mtoto wa kiume dakika thalathini, na kila wa kike kumi na tano. Mama naye akafariki mwaka 2011, na dakika zake kumi na tano zikagawiwa kwa mpango huohuo. Leo kila kaka ana dakika thelathini na nne na kitu, na kila dada ana kumi na saba. Katika falaji yao zamu hurudi kila baada ya siku kumi, kwa hivyo hisa ya dada mmoja ni kama saa kumi za maji kwa mwaka mzima. Na yeye ana watoto wanne.

Mwanzoni mwa mwaka huu akatokea mnunuzi, mfanyabiashara wa Muscat ambaye anataka nyumba, shamba na maji kwa pamoja, au hataki kabisa. Kaka mkubwa, ambaye naye yuko Muscat, akawapelekea wenzake ujumbe akiwaomba kila mmoja amtumie wakala wa kuuza. Na hapo ndipo ulipoanza mtafaruku.

Huyu kaka mkubwa anataka kuuza kwa sababu amechoka. Miaka ishirini na zaidi ndiye anayeendesha gari kiasi cha saa mbili kila baada ya Ijumaa mbili tatu kwenda kutazama kama ukuta umeanguka, ndiye anayemlipa mfanyakazi wa kuipalilia na kuichavusha mitende, na ndiye anayepigiwa simu usiku zamu ya maji ikigombaniwa. Zamani kazi hiyo ilifanywa na bidari, mtu wa palepale aliyelipwa kwa sehemu ya tende. Sasa anafanya mgeni kutoka Bangladesh na anataka mshahara wake kila mwezi, kama ilivyo haki yake.

Dada wa Unguja, aliyeolewa huko na hakuwahi kuhama, anataka kuuza kwa sababu ya dhiki. Mumewe ana maradhi ya figo na damu yake lazima isafishwe kwa mashine kila wiki. "Mimi sikatai ukumbusho wa wazee," aliwaandikia wenzake, "lakini ukumbusho haununui dawa."

Dada wa Toronto ndiye anayekataa kabisa. Hoja yake inahitaji kusikilizwa kwa makini. Anasema ya Unguja hatukuulizwa, tuliamka tukaikuta haipo, na hii ya Ibra ndiyo ya mwanzo ambayo tunaulizwa, sasa jibu letu liwe ndiyo? Sisi tulioondoka makwetu pasi na mtu kutuuliza tunataka kuacha nini, maneno haya yalitugusa. Lakini tunalazimika kusema pia kwamba dada huyu amefika Ibra mara tatu tu katika miaka kumi na tano, na kwamba kila mwaka anaokataa yeye, anayeubeba ni kaka aliyeko Muscat na shemegi aliyeko Mnazi Mmoja.

Mdogo wao wa kike ni mwalimu palepale Ibra. Yeye ndiye anayeyatumia maji, anapanda majani ya mbuzi chini ya mitende, na siku za Jumatano huenda na tende na vitu vya mkono katika lile soko la wanawake ambalo Ibra inasifika nalo. Hataki kuuza, wala hana uwezo wa kuwanunua wenzake wote.

Akabaki kaka wa London, na kwake ndiko tunakopata uhusiano na yale masuali ya wasomaji wetu. Huyu bwana mwaka 1999 alialikwa chakula cha mchana cha bure kwenye hoteli moja ya Costa del Sol, akatoka hapo jioni ameshatia saini wiki moja ya kila mwaka mpaka Mungu amchukue, na baada yake warithi wake. Tangu hapo ada ya matengenezo haijakosa kupanda, aende asiende. Alipojaribu kuuza hakupata mnunuzi hata kwa bei ya bure. Alichopata ni simu kutoka kwa watu wasiojulikana waliomwambia mnunuzi yupo tayari, ila kwanza alipe yeye gharama za makaratasi. Kwa bahati hakulipa. Lakini tangu siku hiyo kila kinachoitwa hisa anakiogopa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ujumbe wa Ibra ulipomfikia alijibu kwa neno moja: uzeni.

Tulimwambia, na tunawaambia wengine walio kama yeye, kwamba habari ya Uhispania ina sheria zake. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2008 limekataza kumtoza mtu malipo ya mbele kwa ajili ya kumuuzia hisa yake ya likizo kabla haijauzwa, na Uingereza iliingiza katazo hilo katika kanuni zake za mwaka 2010. Anayekuomba pesa kwanza, mkatie simu. Jengine ni kwamba sheria ya Uhispania ya mwaka 1998 iliweka mwisho wa miaka hamsini kwa mikataba ya namna hiyo, na Januari 2015 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo ilihukumu kwamba mkataba usio na mwisho uliotiwa saini baada ya sheria ni batili. Tarehe ya mkataba, basi, ina thamani kuliko picha za bwawa la kuogelea. Mpelekee mwanasheria aliyesajiliwa. Na kama mwenye jengo yuko radhi kuichukua hisa bila ya malipo akusamehe ada, usione haya kumpa. Hiyo ndiyo habari yote ya Tenerife na Costa del Sol kwa watu wengi: lengo ni kutoka salama, faida isahau.

Ama maji ya Ibra ni kitu chengine, na hapa kaka wa London alikuwa akipima kwa mizani siyo. Falaji inajilisha wenyewe. Katika mzunguko wa maji mna athar ambazo hazina mwenyewe, ni za falaji yenyewe, na nyengine ni wakfu wa msikiti. Hizo hunadiwa na dalali mbele za watu, mwenye kuhitaji akakodi, na mapato yake yakaingia katika matengenezo. Mambo yote yanaangaliwa na wakili wa falaji pamoja na arifu, anayejua zamu ya nani imefika. Kwa hiyo mwenye hisa aliyeko mbali haletewi ankara kila Januari. Akiwa hana haja na maji yake anaweza kuyakodisha kwa jirani kwa mwaka. Pale London mtu analipa kwa wiki asiyoitumia, na Ibra mtu anaweza kulipwa kwa nusu saa asiyoitumia. Tofauti hiyo si ndogo.

Tusije tukaifanya falaji pepo, hata hivyo. Maji yanaweza kukauka. Serikali ilipozihesabu falaji katika miaka ya 1990 ilikuta 4,112 nchi nzima, na zilizokuwa zikitiririka ni 3,017. Fanya hesabu: zaidi ya elfu moja zilikuwa zimekufa. Ukame una sehemu yake, lakini pampu zilizoenea baada ya mwaka 1970 zina sehemu kubwa, kwani kila aliyechimba kisima chake alikuwa akinywa kutoka bakuli moja na mwenye athar. Amri ya Kifalme ya mwaka 1988 iliyoyatangaza maji ya nchi kuwa mali ya taifa, na udhibiti wa visima uliofuata, ulikuja kuzuia hilo. Mtu mwenye dakika thelathini na nne za mfereji mkavu hana kitu isipokuwa karatasi. Na mtende haungoji. Ukikosa kuchavushwa mwaka mmoja hauzai, ukikosa maji miaka michache unakufa umesimama. Ndiyo maana nyumba inaweza kufungwa, lakini shamba haliwezi.

Kuna jambo jengine ambalo familia nyingi hulikwepa mpaka siku ya ofisini, nalo ni uraia. Oman hairuhusu uraia wa nchi mbili bila ya ruhusa maalumu, na Tanzania nayo inajulikana msimamo wake. Katika hawa ndugu watano, wawili ndio wenye pasi ya Oman, kaka wa Muscat na mwalimu wa Ibra. Amri ya Kifalme nambari 29 ya mwaka 2018 imewazuia wasio raia kumiliki ardhi ya kilimo katika mikoa yote ya Oman, pamoja na maeneo kadhaa mengine, na iliwapa muda waliokwisha kuwa nazo waziondoshe mikononi mwao. Wengi wetu walioko Ulaya wamesikia tu habari za majumba ya pwani ya Muscat ambayo mgeni anaruhusiwa kununua tangu mwaka 2006, wakadhani mlango umefunguliwa kila pahala. Mashamba ya Ibra hayamo. Kila mrithi mwenye pasi ya nchi nyengine amuulize mwanasheria wa Oman hali yake mwenyewe kabla ya kusema nauza au siuzi, kwani huenda uamuzi wa kubaki na jina lake kwenye shamba si wake tena.

Dada wa Toronto alipoelezwa hili alinyamaza siku nne.

Wapo wanaosema dawa ni utalii. Kweli, ukifika Nizwa leo utaona mtaa wa kale wa Aqr, ulio chini ya ngome, ambao miaka kumi na tano nyuma ulikuwa kuta za udongo zinazomomonyoka. Sasa una nyumba za wageni na mikahawa, na wenyeji wameingia kwa hisa. Misfat al-Abriyyin, kijiji cha mlimani karibu na al-Hamra, ambako watu waliifanya nyumba ya wazee wao kuwa ya kulaza wageni huku falaji ikipita mlangoni, kilitajwa mwaka 2021 na Shirika la Utalii Duniani miongoni mwa vijiji bora. Ni mambo mazuri. Lakini Nizwa ina ngome, ina mnada wa mbuzi wa Ijumaa, na iko njia ya Jabal Akhdar. Ibra mtalii hupita akielekea kwenye mchanga wa Bidiyah au akiteremka Sur kutazama majahazi. Nyumba ya vyumba vinne yenye mkunazi haigeuki hoteli kwa sababu warithi wanapenda iwe hivyo, na aliyefanikiwa Misfat anaishi Misfat. Hatujaona nyumba ya wageni inayoendeshwa kutoka Toronto.

Sisi tuna rai yetu, na familia hii ilituomba tuitoe. Tumeona kosa liko katika sharti la mnunuzi, la vyote au hakuna. Sharti hilo limewafanya watu watano wenye haja tano watafute jibu moja. Sharia imeshawapa njia. Mshirika ana haki ya shufaa, yaani atangulizwe kununua kabla ya mtu wa nje. Mwenye dhiki ni mmoja, dada wa Unguja. Hisa yake ni dakika kumi na saba za maji na fungu moja katika saba za shamba na nyumba. Hicho ndicho kinachotakiwa kipatiwe fedha, na kipatiwe sasa, kwa bei ya haki aliyokadiria mtu asiyekuwa katika wao. Ni aibu kumlipa dada mgonjwa kwa bei ya kindugu, kisha mwaka wa pili wakauza kwa bei ya soko. Mwalimu wa Ibra anunue anachoweza, kaka wa Muscat aongeze, na anayeshikilia zaidi kuliko wote kwamba kisiuzwe kitu, atume mchango wake kutoka Canada ingawa jina litakaloandikwa halitokuwa lake. Huo ndio mtihani wa mapenzi ya nyumba.

Kaka wa London, ambaye hisa yake ni mara mbili ya ile ya dada zake, ameshasema atamwachia mwalimu maji yake ayatumie, na thamani yake wakatiane baadaye. Ameongeza kwa mzaha kwamba kama yuko anayetaka wiki moja ya Oktoba huko Costa del Sol, achukue na hiyo.

Kuhusu nyumba, sisi tusingeilia sana. Nyumba ya udongo isiyokaliwa inarudi kuwa udongo, na kama mnunuzi atakubali nyumba peke yake, wamuuzie na fedha ziingie kwenye kuta za shamba na mshahara wa mfanyakazi. Maji yawe ya mwisho kuuzwa. Nyumba mtu anaweza kuijenga tena. Athar iliyouzwa katika falaji hai hairudi kwa urahisi, kwa sababu kila anayeipata anaishikilia, na shamba lililobaki bila ya maji thamani yake inakwenda na huyo aliyeyanunua.

Kwa upande wa karatasi, wakala uliotiwa saini London unahitaji muhuri wa apostili, kwa kuwa Oman imo katika mkataba huo tangu mwaka 2012. Canada iliingia Januari 2024, kwa hivyo na Toronto sasa ni hivyohivyo. Aliyeko Unguja aanzie kwenye ubalozi mdogo wa Oman palepale Zanzibar. Na wakala uandikwe waziwazi ni wa kuuza kitu gani na kwa nani. Wakala wa jumla uliotolewa kwa haraka, mtu akiwa amekasirika, tumeshaona ukivunja nyumba kubwa kuliko ya Ibra.

Mpaka tunakwenda mitamboni, mnunuzi alikuwa ameambiwa asubiri mpaka tende zishuke. Kaka mkubwa ameahidi kuhudhuria mnada wa maji wa wiki ijayo ili asikie athar moja inakodishwa kwa bei gani, na dada wa Toronto ameomba apigiwe simu ya video wakati dalali ananadi. Kwa saa za kwake itakuwa usiku wa manane, lakini amesema atakuwa macho.